Kuchomelea Bodi ya Peugeot 504 Nyumbani: Ukiona Hivi, Kagua Hapa

Shimo la kwanza nililotoboa kwenye sakafu ya 504 yetu halikuzidi punje ya hindi. Nilipomaliza "kuliziba" lilikuwa linapitisha kikombe cha chai. Nilikuwa nimelala chini ya gari saa mbili nzima, naongeza chuma hapa kinadondoka pale, na nikaamini kabisa kwamba mkono wangu haukuumbwa kwa kazi hii. Jumapili moja mzee wa Kariobangi Light Industries, aliyeanza kuchomelea magari kabla mimi sijaanza shule, alipita nyumbani Buruburu, Nairobi. Akachukua bisibisi, akaidunga ile sakafu sentimita tano kutoka kwenye shimo. Ikapenya kama kwenye papai. "Mwalimu," akaniambia, "unashona tambara lililooza halafu unalaumu sindano."

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kutafuta kosa. Kwanza chuma, pili umeme, tatu gesi na waya, mkono wangu mwisho. Na nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukizungusha swichi tatu kwa pamoja kazi ikanyooka, hutajua ni ipi iliyokuokoa, na wiki ijayo utarudi palepale.

Ninachoeleza hapa ni kwa anayetumia mashine ndogo ya waya na gesi, ya kuchomeka kwenye soketi ya nyumbani. Ile mashine ya rodi iliyo kila kona ya Nairobi ni hodari kwa mageti na grili za madirisha. Kwa bati la bodi, ambalo kwenye magari ya miaka hiyo ni kama milimita 0.8 au 0.9, hata fundi mzoefu hutokwa jasho nayo. Anayejifunza aiache.

Bati linatoboka, na kila ukiziba shimo linakua

Usiguse mashine kwanza. Gusa bati. Gonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza: chuma kizima hulia, kilicholiwa hujibu kwa sauti ya boksi. Usiku weka taa chini ya gari, uzime ya juu, uingie ndani. Utaona nyota ambazo mchana hukuziona. Kutu hula bati kutoka upande usiouona, kwa hiyo kipande kinachoonekana kizima juu kinaweza kuwa kimebaki na unene wa karatasi ya manila. Na wewe ukishapitisha grainda ili kufikia chuma cheupe, unakuwa umekipunguza tena.

Dawa ni kukata. Kata hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote mbili, hata kama kiraka ulichokusudia kiwe cha ukubwa wa kitambulisho kitaishia kuwa cha ukubwa wa sinia. Inauma, najua. Lakini 504, tangu ilipotoka mwaka 1968, haina fremu peke yake chini yake. Sakafu na vile vizingiti unavyovikanyaga ukiingia ndivyo vinavyobeba gari. Watu wanaikumbuka kwa Safari Rally ya 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na wazee kwa zile stesheni wagoni zilizokuwa zikipeleka abiria Nakuru na Kisumu. Sifa hizo hazishikilii sakafu iliyooza. Kabla ya kukata kizingiti, tegemeza gari kwenye stendi mahali imara, milango ikiwa imefungwa, upime nafasi kati ya mlango na nguzo. Ukimaliza upime tena. Niliowaona wakikata vizingiti viwili kwa pamoja waliishia na milango isiyofunga.

Bati likiwa zima na bado linatoboka, sababu zilizobaki ni chache. Ya kwanza ni pengo. Kati ya kiraka na bodi pasizidi unene wa bati lenyewe. Palipo wazi moto hauna cha kushika, unakula kingo. Ya pili ni waya mnene. Madukani utapewa wa milimita 0.8 bila kuulizwa, nao unafanya kazi, ila unahitaji moto mwingi kuyeyuka. Wa 0.6 unasamehe makosa, tafuta huo. Ya tatu ni kukaa mahali pamoja. Kwenye bodi hatuchori mstari, tunapiga nukta. Bonyeza, hesabu moja, achia, ungoje wekundu ufifie, kisha nukta inayofuata.

Kuna msaada mmoja wa bei ya chini ambao ningependa mtu angeniambia mapema: kipande cha bomba la shaba, lile la mafundi wa friji, ukilipiga nyundo likawa bapa. Libane nyuma ya mahali unapochomelea. Shaba hunyonya joto haraka na chuma kinachoyeyuka hakiishikilii, kwa hiyo tundu dogo linazibika kama umeweka kiganja chini yake.

Kuhusu kiraka chenyewe, geji 20 ni kama milimita 0.9 na inatosha kwa fenda na milango. Kwa sakafu na vizingiti mimi hutumia geji 18, milimita 1.2. Usinunue kwa macho tu. Bati nyingi utakazouziwa kule Kamukunji zimepakwa zinki kwa ajili ya masanduku na mapaa, na hizo zina taabu zake nitakazozifikia. Boneti ya gari la ajali ni chuma kizuri, na mara nyingi tayari ina mkunjo unaoutaka.

Chuma kinakaa juu kama matone ya nta. Ukisaga, kiraka kinabanduka

Hili ni baya kuliko kutoboa, kwa sababu shimo unaliona. Mshono wa namna hii unapendeza, umenona, majirani wanakusifu, na haujashika kitu.

Upime kwenye vipande vya kutupa, vya unene uleule na usafi uleule. Unganisha viwili, geuza uangalie nyuma: unapaswa kuona alama ya joto na chuma kilichojitokeza kidogo upande wa pili. Kisha bana kwenye vaisi, upige nyundo mpaka pakunjike. Pakivunjika kwenye mshono, bado. Bati likichanika pembeni huku mshono umebaki, uko tayari kurudi kwenye gari.

Chanzo cha kawaida ni waya kwenda kasi kuliko moto unaoupa, au moto mdogo wenyewe. Lakini kabla ya kupandisha, kagua kibanio cha ardhi, kile kinachobanwa kwenye bodi kurudisha umeme kwenye mashine. Kikibanwa kwenye rangi, kwenye kutu, au kwenye boliti ya mlango mita mbili kutoka kazini, umeme unarudi kwa shida na tao, ule moto wa umeme kwenye ncha ya waya, linakuwa dhaifu. Saga eneo la ukubwa wa sarafu mpaka ling'ae, bana hapo, karibu kabisa na kazi. Nusu ya "mashine mbovu" nilizoletewa na marafiki zilipona kwa dakika hizo mbili za grainda.

Halafu kuna umeme wa mtaani. Kwenye karatasi tunapata volti 240. Saa moja jioni, mtaa mzima ukiwasha shawa za moto na pasi za sare za shule, hupati hizo, na mashine za transfoma hasa hupunguza nguvu bila kukuambia. Nilikuwa nikirekebisha mashine Jumamosi asubuhi ikawa sawasawa, Jumatatu baada ya kazi mipangilio ileile inatoa nta. Siku hizi sichomelei kitu chochote cha kubeba uzito baada ya magharibi. Kebo ndefu nayo inachangia: ya mita 30 yenye waya wa milimita 1 ya mraba hupoteza takriban volti 11 ikibeba ampea 10, ilhali ya 2.5 hupoteza kama volti 4 na nusu. Na uikunjue yote. Ikibaki imeviringwa kwenye spuli yake hupata joto hadi plastiki inalainika.

Hapa niseme wazi: mahali pa kufungia mikanda ya usalama na mahali mifumo ya magurudumu inaposhika bodi, sikuchomelea mimi. Nilitayarisha chuma, nikakata, nikapima, nikamwita mzee. Nilikuwa na miezi minne ya ujuzi, na gari lina watoto wangu ndani.

Cheche kila mahali, sauti ya kupasuka, mshono mchafu

Wikendi mbili zilinipotelea hapa. Mashine nilinunua mkononi mwa mtu, inafanya kazi, nikaweka waya wa kawaida na mtungi wa gesi. Ikawa inatema cheche kama fataki, vinundu vimegandia kwenye kioo cha mlango (viko hivyo mpaka leo, funika vioo), na mshono umejaa mabonde. Nikabadilisha kasi, moto, pembe ya tochi (kile kishikio cha mkononi kinachotoa waya na gesi), hata glavu.

Kosa lilikuwa ndani ya kifuniko. Mwenye mashine wa kwanza alikuwa akitumia waya ule usiohitaji gesi, wenye unga wake ndani. Waya huo kwa kawaida hutaka tochi iwe upande hasi. Waya mgumu wa kutumia gesi unataka tochi iwe upande chanya, kibanio cha ardhi kiende hasi. Ni vipande viwili vya kubadilishana mahali, nati mbili, mashine ikiwa imechomolewa. Nilipowasha tena nilicheka peke yangu. Kwa hiyo mtu akikuuzia mashine iliyotumika, fungua uangalie hilo kabla hujapima kitu kingine.

Likiwa sawa na cheche bado nyingi, sikiliza. Mpangilio mzuri unasikika kama vitunguu vikikaangwa kwa moto wa wastani, bila kukatika. Ukisikia milipuko mikubwa ya mmoja mmoja na waya unarudi kuwa gololi kwenye ncha ya tochi, ongeza kasi ya waya. Ukihisi waya unausukuma mkono wako kutoka kwenye kazi, punguza. Kwa kuanzia, ampea 60 huhitaji karibu volti 17, ila mashine ndogo nyingi zina namba 1 hadi 6 tu, basi andika kwa chokaa kwenye ubao namba zilizofaa kwa kila unene. Ncha ya waya itokeze milimita 6 hadi 10 tu. Wengi wanaoanza huogopa wakavuta mkono nyuma, waya ukawa mrefu, moto ukapungua.

Gesi nayo ina sauti yake. Kaboni dioksidi tupu inafaa na ni rahisi kuipata, ila inapenya kwa nguvu na inarusha cheche zaidi. Mchanganyiko wa agoni, kama asilimia 80 hivi, ni mpole kwa bati jembamba. Mimi nilianza na ya kwanza kwa sababu ya mfuko, nikahamia ya pili nilipofika kwenye fenda.

Vitundu kama vya mkate ndani ya mshono

Gesi haifiki, au chuma ni kichafu. Hakuna la tatu ninalolijua.

Anza na upepo. Tunafanya kazi nje, kwenye ua, na upepo ambao hauwezi hata kuzima kibiriti unaweza kupeperusha gesi. Nilisimamisha mabati mawili ya paa kukinga upande unakovumia. Yalinipa faida ya pili, kwa sababu watoto wa kota nzima walikuwa wanakuja kutazama ule mwanga, na macho yao hayakuwa na kofia ya kuchomelea. Usijaribu kuushinda upepo kwa kufungua gesi yote: lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha, na ukizidisha sana gesi inatoka kwa kuvuruga, inavuta hewa ndani, unapata vitundu vilevile kwa bei ya juu. Kisha chungulia nozeli, mdomo wa tochi unaotoa gesi. Vinundu vikiijaza, gesi inatoka upande mmoja. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya hozi uone kama yanatoa povu. Na mtungi ukaguliwe pia, usicheke, imenitokea uko mtupu.

Usafi ni rangi, lami ya chini ya gari, mafuta, kutu. Safisha sentimita mbili au tatu kila upande wa mshono, na mgongoni pia unapopafikia. Usitumie zile dawa za kopo za kusafishia breki kuondoa mafuta kabla ya kuchomelea. Zenye klorini, zikikutana na tao la umeme, zinaweza kutoa fosjini, gesi iliyotumika kuua watu vitani.

Zinki ndiyo ile taabu niliyoahidi. Huchemka karibu nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma cha bodi huyeyuka karibu 1,500, kwa hiyo zinki inakuwa mvuke kabla bati halijaanza kushikana. Mvuke huo unatoboa mshono, kisha unaingia mapafuni mwako. Jioni unatetemeka na homa ukidhani ni malaria. Kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Wenzetu wa jua kali husema unywe maziwa. Maziwa ni mazuri na chai, lakini hayazuii moshi wa zinki. Saga zinki yote kwenye eneo la mshono ukiwa na barakoa inayofaa, simama pasipokuwa na moshi, au nunua bati lisilopakwa.

Waya umejisokota ndani ya mashine

Ncha ya shaba imeziba au si ya ukubwa wa waya wako; rola, kigurudumu kinachosukuma waya, imekaa kwenye mfereji usio wake; au umekaza rola mno. Kata, vuta, anza upya. Kaza kiasi kwamba ukiubana waya kwa vidole vyenye glavu rola iteleze badala ya waya kukunjamana. Tochi iwe imenyooka.

Fenda ilikuwa laini, sasa ina mawimbi

Kila nukta unayopiga hupanuka ikiwa moto, kisha inapopoa inanywea na kuvuta bati lililo jirani. Nukta ishirini zikifuatana upande mmoja zinavuta zote kuelekea kulekule. Bati la fenda ni pana na halina mbavu za kulizuia, likajikunja. Kwenye sakafu yenye mifereji yake hutaona sana. Ndiyo maana nasema uanzie sakafuni, ambako makosa yanafunikwa na zulia.

Piga nukta nne kwenye pembe, kisha katikati ya kila upande, kisha katikati ya katikati, ukiruka kama mtu anayefunga nati za gurudumu. Weka kiganja kabla ya kurudi mahali: usipoweza kukiacha hapo, hapajapoa. Sizimi joto kwa kitambaa cha maji. Wapo mafundi wanaofanya hivyo kwa ustadi, mimi kila nilipojaribu bati lilivuta vibaya zaidi. Kiraka cha sentimita 30 kinanichukua mchana mzima, na mchana huo mwingi ni kukaa kwenye ndoo nikinywa chai.

Mawimbi yakishatokea, sababu ni kwamba mshono umenywea. Kwa hiyo unaunyoosha wenyewe: saga hadi karibu na usawa, weka doli (kipande cha chuma kizito cha kuegemeza bati) nyuma, gonga juu ya mshono kwa nyundo bapa, polepole, upanuke tena. Ukigonga uvimbe ulioko pembeni unazidi kulitanua bati ambalo halikuwa na kosa. Hapa pia ndipo thamani ya kiraka kisichopandana na bodi, kilichokutana nayo kingo kwa kingo, inapoonekana, kwa sababu penye matabaka mawili huwezi kugonga hivyo. Fila, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bodi, ije mwisho, nyembamba. Kuna magari hapa mjini yenye fila ya kutosha kujengea jiko.

Mashine inajizima katikati

Taa ya njano ikiwaka, imepata joto. Iliyoandikwa asilimia 20 ina maana dakika 2 za kazi kati ya 10 kwa moto huo. Iache iwake feni yake ipoe, usichomoe. Taa zote zikizima, angalia fyuzi ya plagi. Kisha tokeni za umeme.

Moshi unatoka mahali ambapo huchomelei

Acha mara moja. Ndani ya sakafu za magari haya kuna mikeka ya lami ya kupunguza kelele, nyuma ya mbao za milango kuna sponji, na nyaya zinapita ndani ya vizingiti. Vyote vitoke kabla. Tangi la petroli litoke pia ukifanya kazi nyuma, na lisibaki kwenye ua huohuo; tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Betri ichomolewe vichwa vyote viwili. Nina kizimamoto cha unga na ndoo ya mchanga, na baada ya nukta ya mwisho nakaa nusu saa nikinusa. Niliwahi kuona mkeka ukianza kufuka dakika kumi na tano baada ya kuzima mashine.

Macho yakianza kuwasha saa sita za usiku kana kwamba yamejaa mchanga, mwanga wa tao umeyaunguza mchana, pengine kwa ile nukta moja "ya haraka" bila kofia. Nenda kliniki, usiyasugue. Miwani ya jua si kinga. Kwa moto huu mdogo kioo cha namba 10 kinafaa.

Mvua imenyesha miezi mitatu baadaye, na mstari wa kahawia unachungulia kwenye mshono

Dalili hii inachelewa ndiyo maana inakatisha tamaa. Mshono wa nukta una vijitundu ambavyo jicho halivioni. Washa taa upande wa pili gizani, uzibe kila nuru, kisha upake sila ya bodi, ile ya kuzibia mishono, kwenye maungio. Palipopandana, praima ya zinki ya kuchomelea juu yake ilipaswa kuwa katikati kabla ya nukta ya kwanza. Kama haikuwepo, utakuwa unafungua tena. Rangi ya ndani ya kizingiti nayo iliungua pale ulipochomelea, na haijarudi yenyewe. Ingiza nta ya kioevu kwa mrija mrefu mpaka idondoke kwenye matundu ya kutolea maji. Isipodondoka, matundu yameziba kwa tope, na huenda hapo ndipo kutu ya mwanzo ilipoanzia. Yazibue kwa waya kabla ya mvua za Machi.